Picha zinapendeza kwenye kioo, zikisafishwa zinarudi na giza: ninunue monita gani?

*"Habari mtaalamu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Mwanza, na katikati ya wiki natengeneza kadi za michango na mabango. Nahariri kwenye laptopu ya inchi 15. Kwenye kioo picha zinapendeza, lakini nikizipeleka kusafishwa zinarudi na giza. Suti ya bwana harusi inakuwa doa jeusi, na ngozi ya bibi harusi inaelekea rangi ya chungwa. Nimetenga laki saba ninunue monita. Dukani wananishauri ya gemu, inchi 27 iliyopinda, 165 Hz, Full HD, paneli ya VA. Rafiki yangu anasema nitafute 4K. Mwingine anasema Dell ya mtumba ya inchi 24 inatosha. Kamera nimeiweka Adobe RGB kwa sababu nasikia ndiyo ya wataalamu. Nichukue ipi?"*

Habari nzuri, ndugu yangu. Umeuliza kuhusu monita, ila umeeleza matatizo mawili tofauti: giza, ambalo ndilo linaloigeuza suti doa jeusi, na ngozi ya chungwa. Kila moja lina chanzo chake, na moja kati ya hayo unaweza kulipunguza leo jioni bila kutoa hata shilingi. Tuanze na hilo.

Uwezekano mkubwa ni kwamba picha zako zina giza tangu zikiwa mezani kwako, kabla hazijafika kwenye mashine ya kusafishia. Karatasi haina taa nyuma yake. Inaonekana kwa mwanga unaoipiga tu, ilhali kioo kinajimulika chenyewe. Ukihariri kwenye kioo kinachowaka kwa nguvu, picha yenye giza itaonekana ina mwanga wa kutosha, nawe utaiacha hivyo au utaishusha kidogo zaidi. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii nzima: kosa la kioo huingia kwenye picha kinyumenyume. Kioo kikiwa kikali, mkono wako unashusha mwanga. Kikiwa na ubuluu, unaongeza unjano. Kikiwa kimepauka, unakoleza rangi. Halafu faili linakwenda mahali pasipo na kosa hilo, na dawa uliyotia inabaki peke yake bila ugonjwa.

Mwanga wa skrini hupimwa kwa kandela kwa mita mraba. Kwa picha za kuchapwa, wahariri wengi hufanya kazi kati ya 80 na 120. Monita mpya ikitoka kwenye boksi mara nyingi huwa juu ya 250, kwa sababu imepangwa ivutie dukani chini ya taa kali. Wewe una kamera, kwa hiyo kipimo unacho tayari. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini nzima. Weka ISO 100 na f/5.6, na upimaji wa mwanga uwe wa doa la katikati. Sogea hadi weupe ujaze fremu, kisha vuruga fokasi makusudi ili lenzi isishike vidoti vya skrini. Sasa angalia ni kasi gani ya shata inayouleta mshale kwenye sifuri. Ikiwa ni 1/30, skrini yako iko karibu na 120. Ikiwa ni 1/60, iko kama 240. Ikiwa ni 1/125, inakaribia 500, na wala usishangae picha kurudi na giza. Shusha mwangaza hadi kamera isome 1/30 au 1/20. Si kipimo cha kimaabara, lakini kinakutoa gizani.

Mara ya kwanza utaona kioo kimefifia, kama kina vumbi. Vumilia dakika ishirini, macho yatazoea. Chumba nacho kishuke: usihariri ukiwa na dirisha mgongoni, na taa ya chumba isiwe ile ya njano ya sebuleni wala ya buluu kama ya duka la simu. Taa ya karibu 5000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ndiyo inayofaa kutazamia picha iliyochapwa. Ukuta wa kijani au wa waridi, ambao studio nyingi zinaupenda kwa sababu ya wateja, unarudisha rangi yake usoni pako na kwenye kioo. Ule ulio nyuma na pembeni mwa meza ya kuhariria upake kijivu, au nyeupe isiyong'aa.

Sasa ngozi ya chungwa. Laptopu nyingi za bei ya kawaida hubeba kioo ambacho kwenye karatasi ya sifa kimeandikwa "45% NTSC". Maana yake kinaweza kuonyesha takriban tatu ya tano tu ya rangi za sRGB, ile jamii ya rangi ambayo simu, intaneti na mashine nyingi za kusafishia picha zinaichukulia kuwa ya kawaida tangu HP na Microsoft walipoipendekeza mwaka 1996. Kinachokosekana zaidi ni wekundu ulioshiba. Hebu tazama kinachotokea: kitenge chekundu kinaonekana kama kimefuliwa mara mia, midomo ya bibi harusi imepauka, nawe unavuta kitelezi cha kukoleza. Vioo hivyo mara nyingi vina ubuluu pia, kwa hiyo unaongeza joto la rangi. Wekundu ulioongezwa juu ya unjano ulioongezwa, kwenye ngozi ya kahawia, unazaa chungwa. Fungua picha hiyohiyo kwenye simu mbili tatu za watu tofauti, uitume kama faili na si kama picha ya WhatsApp. Zote zikikuonyesha chungwa, basi kioo chako ndicho kinachosema uongo.

Kwa hiyo ndiyo, unahitaji monita, kwa sababu hakuna mpangilio utakaoirudishia laptopu yako rangi isizokuwa nazo.

Ile ya gemu waliyokushauri dukani si mbovu. Ni chombo kizuri kwa kazi nyingine. Hizo 165 Hz ni mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde, na picha yako ya harusi haitembei. Utalipia kitu usichokitumia. Tatizo lenyewe lipo kwenye paneli ya VA. Weusi wake ni mzito kuliko wa IPS, aina nyingine ya paneli: utofauti kati ya weupe na weusi (kontrasti) wa 3000 kwa 1 ni wa kawaida kwake, wakati IPS nyingi zinazunguka 1000 kwa 1. Ungedhani hilo ni jema kwa suti nyeusi. Lakini VA nyingi, ukizitazama moja kwa moja, huzamisha vivuli vya karibu na weusi, na ukisogeza kichwa pembeni vivuli hivyo vinaibuka. Suti ya bwana harusi ndiyo mtihani wake: ukikaa katikati huoni ukingo wa kola wala mshono wa mfuko, ukiinama kushoto unauona. Je, mshono upo au haupo? Huwezi kuamua uvute kivuli kiasi gani. Na kwenye inchi 27 ukiwa umekaa karibu, katikati na pembeni unavitazama kwa pembe tofauti hata kichwa kikiwa kimetulia. Mpindo unapunguza hilo kidogo, sikatai, ila kwa mtu anayepanga fremu za kadi na mistari ya bango, mstari mnyoofu unaoonekana umepinda ni kero ya kila siku.

Full HD kwenye inchi 27 ni takriban pikseli 82 kwa kila inchi. Vidoti vinaonekana kwa macho, kope zinaonekana zina ngazi, na wahariri huishia kukosea kiasi cha kunoa. Full HD hiyohiyo kwenye inchi 24 inakuwa 92, inavumilika. Kwa inchi 27 kipimo kinachokaa vizuri ni 2560 kwa 1440, ambacho kinatoa kama 109.

Rafiki yako wa 4K hajakosea kabisa. Pikseli 163 kwa inchi kwenye inchi 27 ni raha ya macho, na kusafisha ngozi kunakuwa rahisi. Lakini 4K ni idadi ya vidoti, haisemi chochote kuhusu usahihi wa rangi. Kuna 4K zenye rangi za kubahatisha na kuna Full HD za kuaminika. Isitoshe laptopu ya zamani inaweza kukugomea: soketi ya HDMI 1.4 inapeleka 4K kwa mara 30 tu kwa sekunde, na kipanya kinakuwa kizito kama kinatembea kwenye uji. Unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu, pamoja na kadi ya picha yenye nguvu. Kwa bajeti yako, kila shilingi iendayo kwenye vidoti inatoka kwenye rangi. Achana nayo kwa sasa.

Unachotafuta ni IPS ya inchi 24, iliyoandikwa 99% au 100% ya sRGB. Ukikuta imeandikwa 72% NTSC, ukubwa wake unakaribia huohuo wa sRGB. Si sawasawa kabisa, ila ni jirani. Usibabaike na maneno "rangi milioni 16.7". Hiyo ni hesabu ya hatua za rangi za biti 8, si upana wa rangi. Ni sawa na ngazi: vidato vingi havifanyi ngazi iwe ndefu. Ukikuta ripoti ya kiwandani inayosema delta E chini ya 2, ni dalili njema, maana yake makosa ya rangi ni madogo kiasi kwamba jicho linayaona kwa shida. Ila ripoti hiyo ni ya siku monita ilipotoka kiwandani. Taa za nyuma huzeeka na rangi huhama.

Kwa nini nisikushauri yenye Adobe RGB kamili? Hapa tuiguse na kamera yako. Adobe RGB, ya mwaka 1998, ni pana zaidi upande wa kijani na samawati, na ina faida kwa mtu anayejua safari nzima ya faili lake hadi kwenye printa inayoielewa. Ukiipeleka JPEG ya Adobe RGB kwenye mashine inayodhani kila kitu ni sRGB, rangi zinapauka na ngozi inakuwa kama ya mgonjwa. Huenda hata hilo limechangia wewe kukoleza zaidi. Rudisha kamera kwenye sRGB. Kama unapiga RAW (faili ghafi la kamera), mpangilio huo hauathiri RAW yenyewe. Chagua sRGB wakati wa kutoa faili, na hakikisha umeweka alama ya kuambatisha wasifu wa rangi, yaani maelezo yanayoiambia programu rangi hizo zisomwe vipi. Na ukinunua monita pana bila kuipangia wasifu, programu zisizojali wasifu zitakuonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi, na hapo utaanza kupausha.

Sasa tuje kwenye ile Dell ya mtumba, maana kwa laki saba hili ni shauri la kweli. Mitumba ya ofisini ina vitu vizuri. Dell U2412M na HP Z24i, kwa mfano, zote ni IPS za inchi 24 zenye 1920 kwa 1200, na zile pikseli 120 za ziada kwa kimo zinatoa nafasi ya paleti za programu bila kuibana picha. Hatari yake ni umri. Iliyowaka ofisini mchana kutwa kwa miaka saba imechoka: mwanga umeshuka, weupe umeota unjano, na pembe haziko sawa. Kalibresheni (kupanga rangi za kioo kwa kipimo) inaweza kurekebisha weupe wa skrini nzima, lakini haiwezi kurekebisha kona moja yenye unjano. Mimi ningeweka hivi: ukipata mpya ya IPS yenye sRGB kamili ndani ya bajeti na ukabaki na akiba, chukua mpya. Mtumba uchukue tu kama muuzaji anakuruhusu kuiwasha nusu saa na kuijaribu, na anakubali kuipokea ikirudi.

Majaribio yenyewe yafanye hata kwa mpya. Weka kwenye flashi picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu cha katikati, ngazi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na picha yako moja ya harusi yenye gauni jeupe na suti nyeusi. Kijivu ndicho kinachofichua mengi. Ukiona upande mmoja una uwaridi na mwingine ukijani, irudishe. Kwenye nyeusi, zima taa kama wanakubali, utafute mwanga unaovuja kingoni. IPS zote zina ung'avu kidogo kwenye kona unaobadilika ukisogeza kichwa, huo ni wa asili yake. Unaobaki palepale hata ukihama ni mvujo. Nyeupe na nyeusi pia zitakuonyesha pikseli zilizokufa au zilizoganda. Ngazi ya kijivu ipande taratibu, isiwe na mikanda wala rangi iliyojitokeza katikati. Mwisho simama, kisha kaa. Ngozi ya bibi harusi ikibadilika rangi, huenda hiyo si IPS bali TN, aina nyingine ya paneli, hata kama boksi limeandikwa vinginevyo. Kwa mtumba ongeza jaribio moja: shusha mwangaza hadi chini kabisa, upunge kalamu haraka mbele ya weupe. Ukiona kalamu nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja, taa inapepesa, na macho yatakuuma ukihariri usiku kucha.

Ukifika nayo nyumbani, usiunganishe kwa VGA (waya wa zamani wa analogi) kama una njia nyingine. Ukitumia HDMI na ukaona weusi umekuwa kijivu na picha nzima imefifia, usiilaumu monita kwanza. Mara nyingi kompyuta imedhani umechomeka televisheni, ikatuma rangi za 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha, chagua masafa kamili (Full). Kosa hili limewafanya watu kurudisha monita nzima dukani.

Kisha irudishe monita kwenye mipangilio ya kiwandani, iwake nusu saa, na uzime kila ujanja: utofauti unaojibadilisha, hali ya kuokoa umeme, kupunguza mwanga wa buluu, na ule unjano wa usiku wa kompyuta yenyewe. Chagua hali ya sRGB. Kama hali hiyo inakufungia mwangaza usiushushe, na nyingine hufanya hivyo, tumia hali ya mtumiaji, uweke 6500 K na gama 2.2 (gama ni jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe). Utofauti uache ulivyo. Mwangaza upange kwa kamera kama nilivyoeleza. Mara nyingi namba huishia kati ya 20 na 40 kwenye mia. Windows ina msaidizi wake wa kupanga rangi, andika *dccw* kwenye sehemu ya kutafutia, lakini unategemea jicho lako, na jicho ni hakimu anayehongeka: likikaa na unjano dakika kumi linauita mweupe.

Ndiyo maana nasema ubaki na akiba. Kifaa cha kupimia rangi, kama vile vya Calibrite au Spyder ya Datacolor, kinaning'inizwa juu ya kioo, kinasoma rangi moja baada ya nyingine, kisha kinaiandikia kompyuta wasifu wa rangi. Lenga 6500 K, gama 2.2, kandela 100 hadi 120. Rudia kila mwezi au miezi miwili. Kikikushinda bei, changeni wapiga picha wanne watano, maana kila mmoja anakihitaji nusu saa tu. Someni kwanza masharti ya leseni ya programu yake, au tumieni DisplayCAL ambayo ni ya bure. Jihadhari na vifaa vya zamani sana vya mtumba: vichujio vya baadhi yake hufifia kwa unyevu, navyo vitakupangia kosa kwa uhakika mkubwa.

Kwa kadi na mabango, jua kwamba hata monita bora haitaifanya wino wa CMYK (rangi nne za uchapaji) utoe kijani kile cha kung'aa wala buluu ya umeme. Omba wasifu wa mchapaji, uutumie kwenye programu kuonea matokeo mapema, na kwa kazi kubwa dai sampuli kwenye karatasi au turubai lenyewe kabla ya kuruhusu.

Mambo mawili hayamalizwi kwa kusoma. La kwanza, kama umeshashusha mwangaza na umekalibu, lakini watu bado wanakuambia ngozi ina wekundu au ukijani ambao wewe huuoni, nenda kliniki ya macho ukapimwe kwa vile vitabu vya namba zilizofichwa kwenye madoa ya rangi. Kutotofautisha vizuri nyekundu na kijani mara nyingi ni jambo la kuzaliwa nalo, liko zaidi kwa wanaume, na wengi hulijua ukubwani. Haliui kazi ya picha, ila utasoma namba za rangi badala ya kuamini jicho.

La pili ni maabara yako. Nenda mwenyewe, wakati hawana foleni. Mwombe mwendeshaji mashine akutolee picha moja ileile mara mbili: moja akiacha mashine irekebishe yenyewe, nyingine akiwa amezima marekebisho yote. Zikitofautiana sana, mwambie oda zako zote ziende bila marekebisho. Kama hata iliyotoka bila marekebisho ina giza kuliko kioo chako kilichopangwa, ongea naye kuhusu lini mashine ilipimwa kwa karatasi hiyo. Huo si ugonjwa wa monita tena. Ile iliyotoka vizuri iandike nyuma kwa penseli: tarehe, aina ya karatasi, na namba ya mwangaza wa monita siku hiyo. Iweke kwenye bahasha ndani ya droo isiyoingia mwanga, na kila ukikalibu upya fungua faili lake kwenye kioo, uishike karatasi pembeni chini ya taa ya 5000 K.